Je, Manjano na Mlonge Huzikinga Seli Dhidi ya Mionzi?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: iwapo mimea tunayoipanda na kuila, pamoja na kapsuli na unga unaotengenezwa kutokana nayo, inaweza kuukinga mwili wa binadamu usidhuriwe na mionzi. Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa inagusa mgonjwa aliye katikati ya matibabu hivi sasa.

SWALI: Mama yangu ana saratani ya mlango wa kizazi na ameanza tiba ya mionzi jijini Dar es Salaam. Jirani yetu anauza kapsuli za manjano na unga wa mlonge, na anasema vina antioksidanti zinazozuia mionzi isiharibu seli. Nimesoma kwenye intaneti kwamba jambo hilo limethibitishwa na wanasayansi. Mama hataki kumwambia daktari, anaogopa kufokewa. Je, nimpe?
*Binti anayeuguza, Morogoro*

JIBU: Pole sana dada kwa kuuguza. Jibu la haraka ni hili: usimpe kapsuli wala unga uliokolezwa katika wiki hizi za mionzi mpaka daktari anayemtibu ajue na aridhie. Chakula cha kawaida chenye mboga za majani, matunda na viungo vya jikoni aendelee kukila. Sasa naomba uvumilie maelezo, kwa sababu ukimkatalia jirani bila kujua sababu, kesho atakuja na kopo lingine na utabaki huna la kumjibu.

Jirani yenu hakuzua jambo hili kichwani mwake. Mionzi ya gama au ya eksirei inapopita mwilini huharibu vinasaba kwa njia mbili. Wakati mwingine hupiga moja kwa moja uzi wa DNA, yaani ule uzi unaobeba vinasaba. Mara nyingi zaidi, kiasi cha theluthi mbili ya madhara yote ya mionzi ya aina hiyo, hupiga kwanza maji, ambayo ni takriban asilimia 70 ya seli. Molekuli ya maji ikivunjika huacha kipande kinachoitwa radikali ya haidroksili, chenye elektroni moja isiyo na mwenzake, nacho hunyakua elektroni kutoka kwa chochote kilicho jirani. Umri wake hupimwa kwa sehemu za bilioni moja za sekunde, na umbali wake wa kusafiri ni nanomita chache tu, ambazo hazizidi sana upana wa uzi wenyewe wa DNA. Kikizaliwa kando ya uzi huo huukata. Grei moja ya mionzi (grei ni kipimo cha dozi inayofyonzwa na mwili), ambayo ni nusu ya dozi ambayo mgonjwa hupewa kwa kawaida kwa siku moja, huacha katika kila seli iliyopigwa mikato ipatayo 1,000 ya upande mmoja wa uzi, na mikato kati ya 20 na 40 inayopita pande zote mbili. Hiyo inayopita pande zote mbili ndiyo inayoua seli.

Antioksidanti ni molekuli inayoweza kumpa radikali elektroni au atomu ya haidrojeni anayoitafuta bila yenyewe kugeuka kuwa ya hatari. Mimea, kwa kuwa hushinda juani na haina mahali pa kukimbilia, hutengeneza nyingi: polifenoli, flavonoidi, karotini, vitamini C na vitamini E. Kwa hiyo wazo la kuzitumia dhidi ya mionzi ni la busara, na limejaribiwa kwa bidii. Huko Manipal, India, watafiti walichukua flavonoidi mbili, orientini na viseni, kutoka kwenye tulsi, mmea wa jamii moja na mrehani na kivumbasi tunavyovijua, wakawadunga panya tumboni kabla ya kuwamulika kwa mionzi ya gama. Panya waliodungwa walinusurika kwa wingi kuliko wenzao, na kromosomu katika uboho wao zilivunjika kwa kiasi kidogo zaidi. Majani ya mlonge nayo yalijaribiwa India kwa panya na yakaonyesha kinga katika uboho. Matokeo hayo ni ya kweli, na nadhani ndiyo uliyoyasoma.

Ila kati ya panya wale na mama yako kuna mambo ambayo tangazo la jirani haliyataji. Panya walidungwa dawa *kabla* ya mionzi, katika dakika zilizopangwa, kwa kiasi kilichopimwa kwa uzito wao. Hilo la muda lilijulikana tangu mwanzo kabisa wa utafiti wa aina hii: mwaka 1949 Harvey Patt na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba sisteini, ambayo ni asidi amino ya kawaida mwilini, huwaokoa panya waliomulikwa kwa eksirei ikiwa imedungwa kabla, na haiwasaidii ikidungwa baada. Ukiukumbuka umri wa ile radikali, huwezi kushangaa.

Halafu kuna suala la wingi. Ili molekuli iiwahi radikali inayoishi kwa muda mfupi namna ile, lazima iwe imejaa karibu na uzi wa DNA wakati mionzi inapita. Ndani ya kila seli tayari kuna kinga ya asili iitwayo glutathioni, ambayo mwili huitengeneza wenyewe kwa kiwango kikubwa. Polifenoli tunazokula, baada ya kupita tumboni na kubadilishwa na utumbo na ini, hufika kwenye damu kwa kiwango ambacho mara nyingi ni chini ya sehemu moja ya elfu ya glutathioni iliyomo kwenye seli. Katika sahani ya maabara mtafiti humwagia seli kiasi anachotaka, na ndiyo maana matokeo ya maabara huvutia sana. Utumbo hautoi nafasi hiyo.

Manjano ndiyo mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu safari yake imefuatiliwa mpaka mwisho. Kiini chake ni kurkumini, ile rangi inayong'ang'ania vidole na mwiko wakati wa kupika mchuzi. Mwaka 2013, watafiti wa Rochester, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 30 wa saratani ya matiti ambao baadhi yao walimeza gramu 6 za kurkumini kila siku wakati wote wa tiba ya mionzi, na wengine wakameza kidonge bandia, yaani kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Waliomeza kurkumini walipata vidonda vya ngozi vyepesi zaidi. Habari hiyo ilienea duniani, na bado inanukuliwa na wauzaji. Watafiti wale wale hawakuishia hapo. Walirudia jaribio kwa wagonjwa 686 katika vituo vingi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2018 yalionyesha kwamba kwa ujumla kurkumini haikupunguza vidonda vya ngozi kuliko kidonge bandia. Jaribio la pili halinukuliwi na mtu anayeuza kapsuli. Nawaheshimu sana watafiti waliokuwa tayari kuipima habari yao njema kwa kipimo kigumu zaidi na kuchapisha kilichotoka.

Angalia pia hesabu ya jikoni. Unga wa manjano una kurkumini ya takriban asilimia 3 ya uzito wake. Ili mama apate zile gramu 6 angehitaji kula gramu 200 za unga kwa siku, karibu robo kilo, wakati sufuria ya mchuzi wa familia nzima haitumii zaidi ya kijiko kimoja cha chai au viwili. Kwa hiyo manjano ya mchuzi hayamdhuru mama wala hayamkingi na mionzi. Ni kiungo, na kama kinampa hamu ya kula basi kimefanya kazi kubwa.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni hili lifuatalo. Tiba ya mionzi huua seli za saratani kwa kutumia radikali zile zile. Mionzi ya nje hutolewa kwa vipande vidogo, kwa kawaida grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, ili seli nzima zipate nafasi ya kujikarabati baina ya kipande na kipande, na seli za saratani, ambazo hujikarabati vibaya, zizidi kudhoofika. Tukimpa mgonjwa kitu chenye nguvu kweli ya kuzima radikali, tunajuaje kwamba kitakinga utumbo na kibofu na kuuacha uvimbe? Kapsuli haina macho. Ikifanya kazi, huenda ikaukinga uvimbe vilevile.

Hofu hii imejaribiwa kwa binadamu. Katika jimbo la Quebec, Kanada, wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa wakipata tiba ya mionzi waligawanywa kwa kura: kundi moja lilipewa vitamini E na beta-karotini, jingine kidonge bandia. Beta-karotini iliondolewa jaribio likiwa njiani, kwa kuwa tafiti nyingine zilikuwa zimeonyesha madhara yake. Utafiti mkubwa wa Finland uliotangazwa mwaka 1994, wenye wavutaji sigara wanaume 29,133, ulikuta kwamba waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Huko Quebec, matokeo yaliyochapishwa kuanzia mwaka 2005 yalikuwa na sura mbili. Waliopata vitamini zote mbili walikuwa na madhara makali machache zaidi wakati wa mionzi, kama jirani yenu anavyoahidi. Lakini katika kipindi cha kumeza vidonge, saratani mpya zilijitokeza zaidi kwa waliomeza vitamini, na vifo baadaye vilikuwa vingi zaidi upande wao. Uchambuzi uliofuata mwaka 2008 ulionyesha kwamba hasara hiyo iliwaangukia hasa waliokuwa wakivuta sigara wakati wa tiba. Mama yako huenda hajawahi kuvuta sigara, na saratani yake ni nyingine. Siwezi kulihamisha jibu la Quebec moja kwa moja hadi kwake. Ninachosema ni kwamba nafuu ya leo ilionekana pamoja na hasara ya kesho, na mgonjwa anapojisikia vizuri hana namna ya kujua kama uvimbe nao umenufaika.

Ipo dawa iliyofanikiwa kuukwepa mtego huo kwa kiasi, na inafaa kuijua ili usidhani kwamba madaktari wanalipuuza jambo hili. Inaitwa amifostini, nayo haitokani na mmea. Ilitoka katika taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani iitwayo Walter Reed, baada ya maelfu ya kemikali kuchujwa katika miaka ya vita baridi. Hudungwa mshipani muda mfupi kabla ya mionzi, na hugeuka kuwa dawa kamili kwa msaada wa kimeng'enya kilicho kingi zaidi katika seli zenye afya kuliko kwenye uvimbe. Mwaka 1999 iliruhusiwa nchini Marekani kwa kupunguza ukavu wa mdomo kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo. Hata hivyo husababisha kutapika na kushuka kwa shinikizo la damu, hivyo hutolewa chini ya uangalizi. Hicho ndicho kipimo ambacho kapsuli yoyote ya mmea ingepaswa kukifikia: wakati mahususi, dozi mahususi, na ushahidi kwamba saratani haikufaidika.

Kuhusu mama kuogopa kufokewa, tafadhali dada, nenda naye kliniki ukiwa na hilo kopo mkononi. Usilielezee kwa maneno tu. Mpe daktari au muuguzi alisome, kwa kuwa makopo mengi huwa na vitu zaidi ya jina lililoandikwa mbele. Kurkumini nyingi inaweza pia kuongeza hatari ya kutokwa na damu kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na daktari anahitaji kujua mapema. Unaweza kuanza kwa kusema: "Daktari, kuna kitu tumeshauriwa nyumbani, tunaomba ukitazame kabla mama hajaanza kukitumia." Nimeona wahudumu wakilipokea swali la namna hiyo kwa shukrani. Kama kwa bahati mbaya huyo wa kwanza atakuwa mkali, muulizeni mwingine, lakini msinyamaze.

Nyumbani, nguvu yako iweke kwenye chakula. Mgonjwa asiyepungua uzito huzistahimili vizuri zaidi wiki za mionzi: uji mzito wenye maziwa au karanga, mayai, samaki, maharage yaliyoiva vizuri kama tumbo linayakubali, wali laini, parachichi na ndizi. Mionzi ya nyonga huleta kuharisha kwa wagonjwa wengi. Kuharisha kukimpata, anywe maji ya kutosha, apunguze kwa muda mboga zenye nyuzi nyingi, na aripoti kliniki siku hiyo hiyo. Mchicha na majani ya mlonge yaliyopikwa kama mboga, tumbo likiwa shwari, ni chakula kizuri.

SWALI: Mimi ni mpiga picha za eksirei katika hospitali ya wilaya. Mwenzangu hunywa chai ya kijani na rosela kila siku na anasema inatosha kumkinga, hata siku ambazo havai aproni kwa sababu imechanika. Nifuate mfano wake?
*Msomaji, Mbeya*

JIBU: Chai kunyweni, ila aproni iliyochanika itolewe kazini leo. Kinga yako imejengwa juu ya mambo matatu: muda mfupi karibu na chanzo, umbali, na kizuizi. Umbali ni wa bure na una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye chanzo kidogo cha mionzi, dozi hushuka hadi robo. Aproni yenye unene wa nusu milimita ya madini ya risasi huzuia sehemu kubwa sana ya mionzi inayotawanyika kutoka kwa mgonjwa, lakini pale ilipopasuka haizuii chochote, na mpasuko mwingi huwa ndani ya kitambaa, mahali pasipoonekana. Ndiyo sababu aproni hutundikwa bila kukunjwa, na hukaguliwa kwa kuipiga picha kwa mashine yenyewe.

Vaa beji yako ya kupimia mionzi kila siku na uulize majibu yake. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ndiyo inayosimamia upimaji huo kwa wafanyakazi. Kikomo kinachotumika kimataifa ni wastani wa milisivati 20 (kipimo cha dozi kinachozingatia madhara yake mwilini) kwa mwaka katika miaka mitano, na mwaka wowote usizidi 50. Mfanyakazi anayesimama nyuma ya kizuizi kwa kawaida hukaa mbali sana chini ya hapo, na katika dozi ndogo namna hiyo kazi ya ulinzi hufanywa na mwili wenyewe, kwa vimeng'enya vyake na mitambo ya kukarabati DNA, ile ambayo uchunguzi wake uliwapa Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015. Mweleze mwenzako kwa upole, tena mbele ya msimamizi ikibidi, kwa kuwa hajidhuru peke yake; mwanafunzi anayejifunza kwake ataiga kila anachokifanya.

SWALI: Mwanangu ana ualbino, ana miaka sita. Nimeambiwa nimpe juisi ya karoti kila asubuhi ili ngozi yake ijikinge na jua kutoka ndani. Ni kweli?
*Mama wa Shinyanga*

JIBU: Mama, juisi ya karoti mpe kama kinywaji, lakini asitoke nje kwa kuitegemea. Mionzi ya urujuanimno ya jua ni tofauti na ya eksirei, maana haina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye maji kwa namna tuliyoieleza juu. Hutengeneza radikali kiasi, ila madhara yake makubwa zaidi hufanyika bila radikali yoyote: huunganisha herufi mbili jirani za DNA zikawa kifundo kimoja. Hapo antioksidanti haina cha kuzima, hata ingekuwepo kwa wingi. Kinachotakiwa ni mwanga wenyewe usifike kwenye ngozi.

Mvalishe shati la mikono mirefu la kitambaa kilichofumwa kwa kubana, suruali au sketi ndefu, na kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo; masikio husahaulika sana, na vidonda vingi huanzia hapo. Mwombe mwalimu amkalishe mbali na dirisha lenye jua na asimtume nje kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mpake losheni ya kukinga jua kila siku, pamoja na siku za mawingu. Huko katika hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino. Uliza kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino kilicho karibu nawe namna ya kuipata. Kidonda chochote kisichopona kwa wiki nne kikaguliwe.

SWALI: Nilifanyiwa kipimo cha CT cha tumbo wiki iliyopita. Ninywe nini ili kusafisha mionzi iliyobaki mwilini?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hakuna iliyobaki. CT ni picha inayopigwa kwa eksirei, na eksirei hupita na kwisha papo hapo mashine inapozimwa, na zile radikali zilikwisha kabla hujashuka kitandani. Maji uliyoambiwa unywe baada ya kipimo, kama ulidungwa dawa ya kuonyesha mishipa, ni kwa ajili ya figo kuitoa dawa hiyo.

Huenda wazo la kusafisha linatokana na habari za ajali za nyuklia, ambako hali ni nyingine. Chernobyl ilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, iodini yenye mionzi iliangukia majani, ng'ombe wakayala, watoto wakanywa maziwa, na iodini ikajikusanya kwenye tezi ya shingo na kuendelea kummulika mtoto kutoka ndani kwa siku kadhaa. Hapo vidonge vya iodidi ya potasiamu, vikimezwa mapema, huijaza tezi kwa iodini salama ili ile yenye mionzi ikose nafasi. Havifanyi kazi kama antioksidanti, na havina faida yoyote kwa mtu aliyepigwa CT.

Kipimo cha CT cha tumbo hutoa takriban milisivati 10, ambazo ni kama miaka minne ya mionzi ya asili ambayo binadamu wa kawaida huipata kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Kama daktari alikihitaji ili ajue ugonjwa, umefaidika zaidi kuliko ulivyopoteza. Omba nakala ya picha na ripoti, zihifadhi pamoja na cheti chako cha matibabu, na uzipeleke kila unapobadilisha hospitali, ili usirudishiwe kipimo kile kile kwa sababu tu picha za kwanza hazikuonekana.